Safari imefutwa na ulilipia kwa kadi ya mkopo ya Uingereza: namna ya kudai fedha zako

Kabla hujabonyeza kitufe cha kufuta nafasi, jiulize jambo moja: nani anayevunja makubaliano, wewe au wao? Sheria ya Uingereza inambeba sana mteja ambaye hoteli, shirika la ndege au kampuni ya utalii haikumpa alicholipia. Mteja aliyeghairi mwenyewe inambeba kidogo tu. Fedha nyingi hupotea kwa sababu mtu alikuwa na haki ya aina ya kwanza, kisha kwa haraka zake akajiingiza katika aina ya pili.

Mfano ulio wazi ni ndege. Ukisikia kwamba safari yako huenda ikafutwa, usiifute wewe. Shirika likiifuta safari inayoondoka Uingereza, unastahili kurudishiwa nauli yote ndani ya siku 7. Ukitangulia kuifuta mwenyewe, masharti ya tiketi ndiyo yanayotawala, na tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudishi kitu. Vocha nayo ipokee ukiwa umeamua kweli kwamba utaitumia, kwa sababu ukishaikubali badala ya fedha ni vigumu sana kurudi nyuma. Una haki ya kuikataa.

Ukighairi mwenyewe

Imeenea imani kwamba chochote kilichonunuliwa mtandaoni kinaweza kurudishwa ndani ya siku 14. Haki hiyo imo katika kanuni za mikataba ya watumiaji za mwaka 2013, lakini kanuni hizohizo zimeyatoa malazi, magari ya kukodi na burudani za tarehe maalumu, na tiketi za ndege pia hazimo. Chumba ulichokiweka kwa tarehe 20 Desemba hakina siku 14 za kufikiria. Kinachotawala ni masharti uliyoyakubali wakati wa kulipa, kwa hiyo yafungue uyasome upya, hasa mwisho wa kufuta bila gharama. Mara nyingi saa inayohesabiwa ni ya mahali hoteli ilipo. Hoteli ya Zanzibar ikisema mwisho ni saa sita usiku, kwa mtu aliye London mlango unafungwa saa tatu usiku wakati wa baridi, au saa nne usiku wakati wa kiangazi.

Maneno "fedha hazirudishwi" si mwisho wa mazungumzo. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka masharti ya mkataba yawe ya haki, na mamlaka ya ushindani, CMA, imeeleza kuwa biashara inapaswa kubakiza kiasi kinacholingana na hasara yake halisi. Chumba chako kikiuzwa kwa mgeni mwingine, haifai hoteli ilipwe mara mbili. Kwa hiyo andika mapema, wakati bado kuna nafasi ya kukiuza tena, uulize mambo mawili: hasara yenu ni kiasi gani, na je, chumba kimepata mteja mwingine? Omba pia kubadilishiwa tarehe, kwani wengi hukubali hilo kwa urahisi kuliko kutoa fedha.

Kwa tiketi ya ndege, dai angalau kodi ya abiria, ambayo serikali haiitozi kwa mtu asiyesafiri. Angalia kwanza ada ya kushughulikia ombi hilo, maana wakati mwingine inaimeza kodi yote.

Aliyenunua safari ya pamoja, yaani ndege na hoteli kwa mkataba mmoja, ana nguvu zaidi chini ya kanuni za mwaka 2018. Anaweza kujitoa wakati wowote kabla ya safari kwa kulipa ada inayofaa, au kumpa mtu mwingine nafasi yake akitoa taarifa siku 7 kabla. Bei ikipandishwa kwa zaidi ya asilimia 8, anaweza kujitoa bila ada. Ni hivyohivyo ikitokea vita, mlipuko wa ugonjwa au janga kule aendako ambalo linaiathiri safari kwa kiasi kikubwa. Hapo fedha zinarudi ndani ya siku 14.

Lakini usiipelekee benki dai la safari uliyoghairi kwa hiari wakati masharti ni ya haki. Litakataliwa.

Wao wakivunja: kifungu cha 75

Sheria ya Mikopo kwa Watumiaji ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike sawa na muuzaji. Kampuni ikifilisika, ikikataa kurudisha fedha au ikitoa kitu tofauti na kilichoahidiwa, unaweza kuidai benki moja kwa moja. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya wakati huo, House of Lords, ilithibitisha kuwa kifungu hiki kinahusu hata manunuzi ya nje ya nchi, kwa hiyo hoteli ya Diani au Nungwi haiko nje ya mkono wake.

Bei ya kitu kimoja lazima izidi pauni 100 na isizidi pauni 30,000. Kinachopimwa ni bei, wala si kiasi kilichopita kwenye kadi. Ukilipa arubuni ya pauni 50 kwa kadi ya mkopo, na pauni 1,750 zilizobaki ukazituma kwa benki, unaweza kudai pauni 1,800 zote. Ndiyo maana inafaa arubuni ipite kwenye kadi ya mkopo hata kama fedha taslimu unazo.

Madai mengi huangukia hapa:

Tiketi mbili za pauni 60 kila moja hazifikishi kiwango, ingawa jumla ni pauni 120. Ukipitia wakala wa mtandaoni au kampuni ya kati ya malipo, benki inaweza kusema kadi haikumlipa moja kwa moja yule uliyefunga naye mkataba, na kifungu kinataka mnyororo huo usikatike. Jambo la tatu linawagusa sana wanaowalipia wazazi safari: mama akiweka nafasi kwa jina lake kutoka Tanga, wewe ukalipa tu, mkataba ni wake, si wako. Afadhali uweke nafasi wewe mwenye kadi, uwe mhusika mkuu, kisha umwandike mama kama msafiri.

Chajibaki

Kifungu cha 75 kisipokufaa, iombe benki irudishe muamala kwa utaratibu wa chajibaki (kwa Kiingereza chargeback). Hii si sheria, ni kanuni za Visa na Mastercard, na inahusu pia kadi za kawaida za benki na malipo yasiyofika pauni 100. Hata mwenye kadi iliyotolewa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuiomba benki yake. Muda wake kwa kawaida ni siku 120, mara nyingi kuanzia siku ambayo huduma ilipaswa kutolewa. Muuzaji anaweza kupinga na fedha zikaondolewa tena kwenye akaunti yako, kwa hiyo usizitumie mpaka benki iseme shauri limefungwa.

Kuandika dai

Mwandikie muuzaji kwanza na umpe siku 14 za kujibu. Kisheria kifungu cha 75 hakikulazimishi kuanza naye, ila benki itauliza tu. Kisha iandikie benki ukitaja kwa jina "Section 75", na uombe chajibaki iangaliwe pia. Mhudumu wa simu huweza kulisajili dai kama chajibaki peke yake usipotamka. Ambatanisha uthibitisho wa nafasi, masharti kama yalivyokuwa siku uliyolipa (yapige picha ya skrini siku hiyohiyo), ujumbe wa kufutwa kwa safari na taarifa ya kadi inayoonyesha malipo. Taja kiasi kamili, pamoja na hasara iliyotokana na uvunjaji huo, kama vile teksi au usiku mmoja wa hoteli nyingine, na risiti zake.

Benki ikikataa, au ukilalamika rasmi na wiki 8 zikapita bila jibu la mwisho, peleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, taasisi huru inayoamua migogoro kati ya wateja na benki. Ni bure. Ukishapata jibu la mwisho la benki, una miezi 6 ya kufanya hivyo. Dai la kifungu cha 75 lenyewe lina miaka 6 England na Wales, na miaka 5 Scotland.

Muda wote huo endelea kulipa kiwango cha chini cha kila mwezi kwenye kadi. Dai ambalo halijaamuliwa halisimamishi riba, na malipo yaliyoruka huandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo hata kama baadaye utashinda.