Rangi za akriliki zimekauka? Namna ya kuzifufua mbele ya kuzitupa

Bandugu na badada wenye munapaka modeli ndogo ndogo, baaskari ba plastiki, magari, na sisi huku Goma machukudu ndogo za mbao (mufano wa ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) zenye bageni banapenda kubeba, musitupe kwanza ile rangi yenye imekauka. Huku kwetu hizi rangi hazipatikanake mu kila duka, unaagiza, mtu anakuletea kupitia Kigali ao Kampala, unangoja weee, alafu siku ya kupaka unakuta ile nyekundu ya zamani imekuwa sawa bugali. Mara mingi iyo rangi inapona kabisa, shida ni bantu banaimwangia maji ya robine na kuitikisa na kukata tamaa.

Kwanza, angalia kama iko hai. Akriliki ni vipande vidogo sana vya plastiki vyenye vinaogelea mu maji pamoja na unga wa rangi. Maji ikipunguka, vile vipande viko bado mbali mbali, ukirudisha maji vinaogelea tena. Maji ikiisha yote vinagusana, vinashikana, vinakuwa kitu kimoja, na hapo hakuna maji yenye itaviachanisha, njo maana modeli ikikauka unaweza kuiosha na rangi haitoke. Sasa chukua kijiti ya meno, sukuma mpaka chini ya kopo. Kikitoka kimechafuka rangi, ata kama ni nzito sana, iko hai. Kikigonga kipande kigumu chenye ukibonyeza kinarudi na ukikivuta kinatoka kizima, imekufa, usipoteze nguvu. Kama kuko ngozi juu na chini kuko laini, toa ngozi yote, usiivuruge ndani. Na kama inanuka mayai ya kuoza, tupa, ata kama rangi yenyewe inaonekana muzuri.

Pili ni maji, na hapa mimi niko mukali. Maji ya robine yetu, ya ziwa Kivu, iko na madini mingi, kuichemsha kunaua vijidudu lakini madini inabakia palepale. Enda ku farmasi uombe maji ya kuchanganyia dawa ya sindano, ile ya ampule ndogo ya mililita 5 ao 10, iko safi na bei yake ni kidogo. Ombeni vizuri juu banaweza kukupatia seromu ya chumvi, zote mbili ziko wazi sawasawa, soma maandiko: ukiona NaCl 0.9% rudisha, iyo ni gramu 9 za chumvi kwa litre moja na chumvi inaharibu akriliki, inaigandisha mabonge. Maji ya betri nayo muwe macho, bafundi bengine banaita vile ata asidi. Chukua pia seringi ndogo bila sindano, ya kuhesabia matone.

Tatu, weka matone 5 tu mu kopo ya mililita 17, vuruga pole pole na kijiti, funga, lalisha mpaka kesho. Kesho angalia, bado nzito? Matone 5 tena. Haraka hapana, juu maji inahitaji muda kuingia mu yale mabonge. Maji ikizidi, ile gundi ya akriliki inakuwa dhaifu, rangi inajikusanya pembeni na ikikauka inatoka unga ku kidole. Kwa rangi yenye ilikuwa nzito sana mi naongezaka mwishoni matone mawili ya medium mat (akriliki isiyo na rangi, yenye haing'ae), inarudisha nguvu ya kushika.

Kisha tia shanga moja ao mbili za kioo zisizo na rangi, ku soko ya Birere ziko, tikisa muda mrefu. Bili za rulema (vigololi vya chuma) musitumie, zinapata kutu na nyeupe yako itakuwa kahawia. Kama mabonge inabakia, chuja na kipande ya soksi ya nailo ya bamama. Jaribu ku kipande ya mbao mbele ya kugusa modeli.

Kitu kingine: Goma iko juu, karibu metre 1,460, chupa yenye ilifungiwa mahali pa chini iko na pumzi ndani yenye inasukuma. Fungua ikiwa imesimama, pole pole, na kitambaa, ndipo uipindue.

MASWALI

Ndugu wa Bukavu: Yaya, rangi yangu ya kampuni Tamiya imekuwa nzito, nifanye ivyo ivyo?
Hapana ndugu. Tamiya ni akriliki lakini iko na alkoli ndani. Tumia dawa yake ya kuilainisha, X-20A, kidogo kidogo. Maji peke yake inaweza kuifanya mabonge.

Ndugu wa Lubumbashi: Basi na rangi ya kampuni Vallejo naweza kutia alkoli ya kusafishia vidonda?
Usijaribu mukubwa, Vallejo ni ya maji, alkoli inaweza kuigeuza mpira ndani ya kopo na hairudi.

Dada wa hapa Goma: Na rangi ya ukuta yenye ilibakia?
Kama ni ya maji, kanuni ni ileile dada, lakini unga wake ni mkubwa, unafunika macho na vidole vya baaskari. Paka nayo udongo na mawe ya chini ya modeli, inafaa sana. Ya mafuta, maji haiingie.

Ndugu wa Bukavu tena: Nizichunge namna gani zisikauke tena?
Panguza mdomo wa kopo kila ukimaliza, kikauko kidogo pale ku uzi ya kifuniko njo kinaacha hewa kuingia. Kopo za kifuniko kipana weka plastiki nyembamba mbele ya kufunga. Mu mwezi wa 6 mpaka wa 8 hewa iko kavu, usiache wazi ukipaka, toa matone machache ku palette (kibao ya kuchanganyia rangi) ufunge palepale. Na zile za mdomo mwembamba, mdomo ukiziba ingiza pini, usikamue kwa nguvu, kifuniko kitaruka na rangi yote itaishia ku shati.