Kujenga ulimwengu wa fantasia kutokana na ajabu moja

Nilitumia miaka miwili kuandika historia ya falme tisa, na nilipofika sura ya kwanza sikuwa na mtu wa kumfuata. Siku hizi naanza na jambo dogo sana.

Hatua ya 1: Chagua ajabu moja

Andika sentensi moja inayovunja kanuni za dunia tuijuayo. Mfano nitakaoutumia: maji hutunza sauti. Lolote linalosemwa juu ya maji, atakayeyanywa atalisikia. Ishia hapo. Ajabu ya pili ikija mapema, ya kwanza hukosa kazi.

Hatua ya 2: Ifuatilie mpaka jikoni

Hapa ndipo pa kukaa siku nyingi kuliko kwingine kote. Usianze na wafalme. Anza na mtu mwenye kiu. Nani anafaidika? Nani anaumia? Kazi gani mpya imezuka, na tusi gani limezaliwa?

Tuseme kuchemsha maji hufuta sauti. Mara moja tabaka mbili zimejitokeza: mwenye kuni hunywa maji kimya, asiye na kuni hunywa ugomvi wa majirani. Maji ya mvua, yasiyowahi kusemewa neno, yanauzwa ghali. Wachumba hawaagani kisimani. Mmbeya huitwa "mdomo wa kisima". Tazama, sijabuni vita wala unabii, lakini tayari naona msichana anayeiba kuni ili mama yake mgonjwa apate usiku mmoja wa utulivu. Huyo namfuata.

Hatua ya 3: Chora ramani kwa kufuata maji

Hata kama ajabu yako haihusu maji, anza na milima na mito, kwa sababu miji huifuata. Mito hushuka na kuungana; ni nadra kugawanyika, isipokuwa kwenye delta, pale mto unapoishia baharini au ziwani. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hudondosha mvua upande unaoukabili, na upande wa pili hubaki mkavu.

Sasa changanya jiografia na ajabu yako. Mji wa deltani unasikia siri za bonde zima. Mji mkavu nyuma ya mlima una visima virefu tu, vyenye sauti za watu waliokufa zamani. Kisha piga hesabu: mtu mwenye mzigo hutembea kama kilomita 25 hadi 30 kwa siku, lakini mto unaokwenda mita 1 kwa sekunde hufika zaidi ya kilomita 86 kwa saa 24. Msichana wangu akikimbia, siri yake itafika kabla yake. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipa kisa, mimi sikukitafuta.

Hatua ya 4: Weka mipaka

Amua ajabu haiwezi nini, kabla ya sura ya kwanza. Kwangu, chumvi huua sauti, kwa hiyo bahari haikumbuki kitu. Kama mpaka huo utamwokoa mhusika mwishoni, msomaji auone mapema, katika jambo la kawaida kama kuosha samaki. La sivyo, atahisi umemdanganya, na atakuwa na haki.

Majina yasikuchoshe: chagua sauti chache kwa kila jamii, uzishikilie.

Hatua ya 5: Andika tukio bila kueleza

Usiandike: "Tangu enzi za mababu, maji ya nchi hii yalitunza sauti." Andika: "Alimziba mtoto mdomo, akateka maji, akafunika ndoo ndipo akapumua."

Mpe mtu kurasa hizo za kwanza, kisha muulize: mtu akilia juu ya kikombe, atakayekunywa atasikia nini? Akijibu sawasawa bila wewe kumweleza, endelea na sura ya pili. Akisita, rudi jikoni.