Silinda hedi kuukuu: uitengeneze au utafute nyingine?

Mara nyingi naletewa hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, iliyokwisha sagwa valvu na kuvishwa sili mpya, kumbe ina ufa. Fedha imekwenda bure. Kwa hiyo tangulia na vipimo vinavyoweza kuikataa hedi moja kwa moja, yanayorekebishika yasubiri.

Hatua ya 1: Fungua injini ikiwa baridi. Legeza bolti kidogo kidogo, ukitoka pembeni kwenda katikati, kwa sababu alumini ikifunguliwa ingali ya moto hupinda. Kabla hujaosha chochote, tazama vyumba vya mwako. Kimoja kikiwa kinang'aa kama kimesuguliwa huku vingine vina masizi, jua maji yalikuwa yakiingia hapo. Kitie alama.

Hatua ya 2: Tafuta ufa. Osha, kisha angalia baina ya siti za valvu na kuelekea tundu la plagi. Jicho halitoshi. Peleka karakana ikapimwe kwa presha: njia za maji huzibwa, hewa husukumwa ndani, hedi huzamishwa katika maji ya moto, maana kuna nyufa zinazofunguka chuma kikishapata joto tu. Mapovu yakitoka ndani ya chumba cha mwako, mimi huiacha hedi hiyo. Alumini huchomelewa, ndiyo, lakini hilo nalikubali tu pale hedi nyingine isipopatikana kabisa.

Hatua ya 3: Pima unyoofu. Laza rula ya chuma kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa injini nyingi ndogo kikomo cha mwanya ni kama milimita 0.05 hadi 0.10, fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi, uso wa hedi huchongwa, mradi kimo kisishuke chini ya kile alichoweka mtengenezaji. Baadhi ya injini za dizeli haziruhusu kuchonga hata kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hedi inayobeba kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ikipinda, hupinda chini na juu. Ukichonga chini peke yake, gasketi itakaa vizuri, lakini vitako vya kamshafti, pale inapokaa na kuzunguka, vitabaki na upinde ule ule. Toa valvu zote, paka vitako oili, funga kamshafti peke yake, uizungushe kwa vidole. Ikikaza mahali, hedi inataka kunyooshwa kwanza, na mimi hapo huanza kuulizia nyingine.

Hatua ya 4: Valvu, siti na sili zisikutishe, zote hubadilishika. Ziorodheshe tu.

Hatua ya 5: Jumlisha kazi ya karakana, vipuri, gasketi na bolti mpya. Ikikaribia bei ya hedi mpya, nunua mpya. Ukichagua ya mtumba, linganisha namba iliyo ubavuni na ya kwako, kisha ipitishe hatua ya 2 na ya 3 kabla hujalipa. Na usifunge hedi yoyote, mpya wala kuukuu, kabla ya kujua injini ilichemka kwa nini: radieta, pampu ya maji, au thamostati.