Injini nyuma, rejeta mbele: kimo cha injini na njia ya maji ni kazi moja

Gari ninayoizungumzia ni ya watu wawili, fremu ya skwea paipu, injini ya Toyota 4A-FE na giaboksi yake nyuma ya viti, rejeta, yaani kipoza maji ya injini, puani. Mpango wenyewe si mgeni. Lotus waliutumia kwenye Europa mwaka 1966, na Toyota kwenye MR2 mwaka 1984. Hapa Unguja unatufaa kwa sababu injini za Corolla na Carina ndizo tunazozijua. Ukiing'oa injini pamoja na giaboksi na shafti zake za mbele, unaihamishia nyuma nzima nzima, na sehemu kubwa ya gari imeshapatikana.

Mafundi wengi huikata kazi hii vipande viwili: injini ikae kwanza, mabomba ya maji yatatafutiwa njia baadaye. Mimi sikubaliani nao. Kimo cha injini ndicho kinachoamua hewa itatoka wapi kwenye maji. Kwa hiyo maji nayapanga injini ikiwa bado kwenye cheni, na mauntingi, vishikio vyake kwenye fremu, hazijachomelewa.

Tuanze na kunyanyua. Injini na giaboksi pamoja zipigie hesabu ya kilo 200, hata kama zinapungua. Winchi ya cheni ya tani moja inatosha na kubaki. Shida ni pa kuitundika. Ukiuliza gereji yoyote ya Mwanakwerekwe utaonyeshwa tawi la mwembe. Mwembe uache uzae maembe. Tawi lake linaweza kuoza moyoni huku gamba zima. Chukua mabomba matatu mazito ya chuma, yafunge vichwani kwa bolti moja nene, kisha izungushie miguu cheni nyengine ili isitanuke. Juu ya sakafu ya saruji, cheni hiyo ya miguuni ndiyo inayokuzuilia mzigo usikuangukie.

Injini inakuja na masikio yake ya chuma kwenye silinda hedi, moja kila upande. Hayo ndiyo ya kutundikia. Usifunge cheni kwenye manifoldi, njia za hewa na moshi ubavuni mwa hedi, na kama sikio limepotea, bolti utakayotia iwe na hesi sahihi na iingie mpaka mwisho. Cheni ya upande wa giaboksi iwe ndefu kidogo ili giaboksi itangulie kuingia, halafu uje uisawazishe kwa jeki ndogo na kipande cha ubao. Mmoja avute cheni, mwengine aongoze kwa mti. Mkono wa mtu usiwe chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, hata kwa sekunde. Aliyevaa kanzu akatuletee chai.

Sasa iache juu ya vipande vya mbao, cheni ikiwa imekaza kidogo, upime. Mimi sishushi sampu chini ya sentimita 14 kutoka ardhini dereva akiwa kitini, kwa sababu ya matuta. Halafu tazama shafti: gari ikisimama kwa uzito wake ziwe karibu na usawa, zikipanda sana raba za jointi hazidumu. Ukishapata kimo kinachoridhisha vyote viwili, piga mstari wa usawa kutoka juu ya silinda hedi mpaka kwenye fremu, uuandike kwa chaki. Mstari huo usiufute.

Tangi la maji lenye mfuniko likae juu ya mstari wa chaki, lote. Ukiona bodi ya nyuma haina nafasi, shusha injini au badilisha bodi, lakini tangi usilishushe. Hewa hupanda, isipokuta tangi juu yake itajikusanya ndani ya hedi, tena pale pale penye sensa ya joto. Sensa iliyozungukwa na hewa badala ya maji hudanganya: sindano inakaa katikati huku hedi inapinda.

Tangi lina mipira mitatu. Mnene, wa milimita 19 hivi, unatoka chini ya tangi kwenda kwenye upande wa pampu unaovuta maji. Miembamba miwili, ya milimita 8, inaingia juu: mmoja unatoka mahali pa juu kabisa pa maji ya injini, mwengine unatoka pembe ya juu ya rejeta kule mbele na kurudi nyuma ukipanda tu bila ya kushuka popote. Huu wa pili watu huuona ni mrefu mno kwa faida ndogo, wakauacha. Ndio unaoitoa hewa ya rejeta kila siku bila ya wewe kushika spana.

Mabomba makubwa ni mawili: la moto kutoka hedi kwenda juu ya rejeta, la kurudi kutoka chini ya rejeta kwenda kwenye pampu. Tumia aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, milimita 32 kwa nje. Bomba la mabati lisiguse maji haya, zinki yake haipatani na kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji. Plastiki ya maji ya nyumbani italainika. Ncha za bomba zitiwe nundu ili mpira usichomoke. Yapitishe chini ya sakafu katikati, mbali na bomba la petroli na waya wa breki ya mkono. Mwendo wake uwe wa kupanda moja kwa moja au kushuka moja kwa moja. Likilazimika kuruka kitu, pale juu chomelea skrubu ya kutolea hewa. Kila mita ya bomba hili inabeba karibu theluthi mbili ya lita, kwa hiyo nunua kulanti zaidi ya ile ya Corolla.

Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Tazama magamba meupe ndani ya birika lako. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa kwa betri, yasiyo na asidi. Mfuniko wa tangi wa shinikizo la 0.9 unayazuia yasichemke mpaka kupita nyuzi 115.

Atatokea mtu akwambie utoe themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, eti kwetu joto. Usitoe. Kwenye injini nyingi za Toyota hiyo hiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato, na ukiitoa maji mengi yatazunguka ndani ya injini bila ya kufika mbele. Tia mpya ya nyuzi 82, kitundu chake chenye kipini kikae juu.

Kujaza: inua nyuma ya gari kidogo, fungua skrubu zote za hewa, mimina taratibu kwenye tangi. Funga kila skrubu inapotoa maji yasiyo na mapovu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya mipira, ongeza. Themostati ikifunguka, chini ya rejeta patapata moto. Pakibaki baridi huku bomba la moto haligusiki, zima, kuna hewa. Ukishaufunga mfuniko, usiuguse tena mpaka injini ipoe.

Jaribio la kwanza usiende Tunguu, nje ya mji. Mwendo wa kasi unaficha feni mbovu. Pita Darajani, sokoni mjini, mchana, wakati wa kaskazi, foleni ikiwa imesimama. Ukirudi, acha ilale, na asubuhi kaza klipu zote tena na jaza kilichopungua kwenye tangi.