Kabla ya kufungua shauri la talaka Moshi au Arusha

Usianzie mahakamani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia shauri la talaka mpaka mgogoro upite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Linalohusika ni baraza la kata anayoishi mume. Mke aliyerudi kwao Arusha, mume akiwa Moshi, apange nauli ya Moshi. Kama nyote ni wa jumuiya moja ya dini yenye baraza lake linalotambuliwa kisheria, mnakwenda huko. Kikao cha ukoo, hata wakae wazee wa pande zote mbili na mbege mezani, hakihesabiki.

Barazani mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo jiandae kujieleza mwenyewe. Ukitoka hapo, isome hati uliyopewa kabla hujaikunja. Iwe Fomu Namba 3, yenye majina ya wote wawili, ikisema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Barua ya "nendeni mahakamani mkaachane" imewaponza wengi: baraza halina mamlaka ya kuachanisha mtu, na shauri lililobebwa na karatasi ya namna hiyo hutupwa nje, mnaanza upya. Hati nayo ina umri, miezi sita. Ukiipata Januari ukakusanya pesa ya wakili hadi Agosti, imeshachacha.

Mwenzako akiitwa akagoma kwa makusudi, au amekutelekeza na hujui aliko, sheria inaruhusu kuvuka hatua hii. Weka nakala za wito aliopuuza. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kwanza kibali cha mahakama, na utaulizwa ni taabu gani ya kipekee inayokukimbiza mapema hivyo.

Ndoa yenyewe itathibitishwaje? Cheti kinamaliza maneno. Kwa ndoa ya kimila isiyosajiliwa, tafuta mshenga na waliohesabu mahari. Mahari kutokwisha hakubatilishi ndoa. Mlioishi pamoja miaka miwili au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume, sheria inachukulia kuwa mmeoana, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kuhusu watoto, chini ya miaka saba sheria inaona ni vema wakae na mama, lakini baba anaweza kuonyesha vinginevyo. Mtoto mwenye akili ya kujieleza husikilizwa. Beba vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada na kadi za kliniki.

Mali ndiyo hugombanisha zaidi, hasa nyumba iliyojengwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Shamba la urithi si la kugawana hivi hivi, lakini mali ya mmoja iliyoendelezwa sana wakati wa ndoa kwa jasho la mwenzake au la wote inaingia kwenye mgawanyo. Risiti za saruji na bati zitafutwe sasa, kabla kabati halijafungwa. Asiye na risiti asikate tamaa: tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Kwa Waislamu, talaka iliyotamkwa au kuandikwa haijavunja ndoa mbele ya sheria mpaka mahakama itoe amri yake. Kwa Wakatoliki, uamuzi wa kanisa kwamba ndoa ilikuwa batili nao hauchukui nafasi ya amri hiyo.