Ndoa ya bomani: jinsi ya kupanga sherehe ndogo mbele ya msajili

Kufunga ndoa mbele ya msajili wa serikali huchukua dakika 10 hadi 20. Mnaingia, majina yanasomwa, mnatamka maneno yanayotakiwa na sheria, mnavishana pete mkipenda, mnatia sahihi, mashahidi nao wanatia zao, mnatoka mkiwa wanandoa. Kinachokula wiki nzima nzima ni yale yanayotangulia. Hapo ndipo wengi wanapokwama: nguo zimeshonwa, ndugu wamealikwa, kisha wanaambiwa tarehe yao haiwezekani kwa sababu muda wa notisi haujatimia. Karatasi kwanza, tarehe baadaye. Mkilishika hilo, mengine yote ni mepesi.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote tarehe, nendeni wote wawili kwenye ofisi ya msajili mkiwa na maswali yaliyoandikwa. Notisi ni ya siku ngapi, na baada ya kutimia hudumu hadi lini? Nyaraka zipi zinatakiwa, halisi au nakala, na zisiwe zimetolewa zamani kiasi gani? Je, lazima mmoja wenu awe mkazi wa eneo hilo, na kwa muda gani? Mashahidi ni wangapi? Chumba kinabeba watu wangapi, na ndoa hufungwa siku zipi na saa ngapi? Ulizeni pia malipo hupokelewaje, maana ofisi nyingi za serikali hazishiki fedha taslimu. Andikeni majibu pamoja na jina la ofisa aliyewajibu. Mkirudi mkakutana na mwingine mwenye maelezo tofauti, mtajua pa kuanzia.

Kuhesabu siku

Kuna mifumo miwili, na ni vizuri kujua mko katika upi. Wa kwanza ni wa notisi: mnatangaza nia ya kuoana, tangazo linabandikwa hadharani, siku zinahesabiwa, kisha mnaruhusiwa. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, notisi hupelekwa kwa msajili si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi 3 kabla ya ndoa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ni angalau siku 21. England na Wales ni siku 28 kamili, ambazo zinaweza kurefushwa hadi 70 pale suala la uhamiaji linapohusika, na notisi hudumu miezi 12. Ufaransa tangazo hukaa siku 10 kwenye ofisi ya meya. Mfumo wa pili ni wa leseni: mnaomba, mnapewa, mnasubiri kidogo, kisha mna muda mfupi wa kuitumia kabla haijaisha. Katika jimbo la New York mnasubiri saa 24, na leseni hufa baada ya siku 60.

Makosa ya hesabu hutokea pembeni. Kwenye hesabu ya siku kamili, siku mliyopeleka notisi haihesabiwi, na siku ya ndoa haihesabiwi. Mkipeleka Jumatatu na kutegemea siku 28, siku ya kwanza mnayoweza kuoana ni Jumanne ya wiki ya nne baada yake, si Jumatatu. Halafu kuna sikukuu na foleni ya miadi: notisi inaweza kutimia tarehe 5, lakini nafasi ya karibu ya kufunga ndoa ikawa tarehe 26. Tunashauri muongeze wiki 3 au 4 juu ya kiwango cha sheria, na kama mmoja wenu ni raia wa nchi nyingine, muanze miezi 3 hadi 4 mapema.

Notisi si urasimu wa bure. Ipo ili yeyote anayejua kizuizi cha kisheria ajitokeze: mmoja ana ndoa nyingine, mmoja hajafikia umri, ninyi ni ndugu wa karibu mno, au mmoja analazimishwa. Maana yake ni kwamba majina yenu yatasomwa na mtu yeyote anayepita karibu na ubao wa matangazo. Kama wazazi hawajaambiwa, waambieni kabla ubao haujawaambia. Kuchukia ndoa peke yake si pingamizi linalotambuliwa na sheria, lakini mzazi aliyepata habari kwa jirani huumia, na maumivu hayo hukaa miaka.

Nyaraka, mahali ndoa nyingi zinapoahirishwa

Za msingi zinafanana karibu kila mahali: kitambulisho au pasipoti, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa mahali unapoishi, na uthibitisho wa hali yako ya ndoa. Huo wa mwisho ndio wenye miba. Aliyetalikiwa anatakiwa kuleta hukumu ya mwisho, ile inayovunja ndoa kabisa. Mahakama nyingi hutoa kwanza amri ya awali, na mtu anaweza kuishika akidhani kila kitu kimekwisha. England na Wales, kwa mfano, baada ya amri ya kwanza ni lazima zipite angalau wiki 6 na siku 1 kabla ya kuomba ile ya mwisho. Ukija kwa msajili na ya kwanza, unarudishwa. Aliyefiwa alete cheti cha kifo cha mwenzake pamoja na cheti cha ndoa ile.

Ndoa ya kimila au ya dini iliyofungwa zamani na mtu mwingine nayo ni ndoa pale sheria inapoitambua, hata kama hakuna karatasi. Usiifiche. Nchini Kenya ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja na mume mmoja, na atakayeifunga huku ana ndoa nyingine hai anajenga nyumba juu ya mchanga. Na kama ni ninyi wawili ambao tayari mmeoana kwa mila au kwa dini na sasa mnataka cheti cha serikali, mwambieni msajili siku ya kwanza kabisa, kwa sababu utaratibu wenu unaweza kuwa tofauti na wa wanaoanza.

Mgeni mara nyingi huombwa hati kutoka nchi yake inayosema hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Hati hiyo huisha muda, kwa hiyo isiombwe mapema mno. Ikiwa haiko katika lugha ya ofisi, itafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa. Tafsiri ya rafiki anayejua lugha zote mbili haipokelewi. Juu ya hapo hutakiwa kuthibitishwa: kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961 ni muhuri mmoja unaoitwa apostili, na kwa nyingine ni wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Fuateni mpangilio ambao ofisi imeutaja. Kuna ofisi zinazotaka muhuri uwekwe kwanza ili nao utafsiriwe, na mkigeuza mpangilio mtalipia tafsiri mara mbili.

Baadhi ya nchi hupima hata umri wa cheti cha kuzaliwa. Ufaransa hutaka nakala iliyotolewa ndani ya miezi 3, au miezi 6 ikiwa imetoka nje ya nchi. Cheti kilichohifadhiwa vizuri tangu utotoni hakisaidii hapo.

Kisha majina. Zitandazeni nyaraka zote mezani, za kila mmoja kwenye safu yake, mlinganishe herufi kwa herufi. Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye pasipoti, Muhammad kwenye hukumu ya talaka: kwa ndugu ni mtu mmoja, kwa msajili ni watu watatu. Angalieni mpangilio wa majina, jina la babu lililoachwa, tarehe ambapo siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kubwa huhitaji kusahihisha cheti chenyewe, na hilo ni la miezi.

England na Wales kila mmoja huhojiwa peke yake siku ya kutoa notisi. Ofisa huuliza mambo ya mwenzako: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, kazi yake. Watu wanaoitana kwa majina ya mapenzi miaka yote hujikuta wamesahau jina la katikati.

Mashahidi na maneno

Kenya, Tanzania, England na Wales hutaka mashahidi wawili. Ufaransa huruhusu hadi wanne. New York mmoja anatosha, na Ujerumani haijawalazimisha tangu 1998. Popote mlipo, andaeni shahidi wa akiba aliye na kitambulisho mfukoni, kwa sababu shahidi aliyekwama kwenye foleni ya magari husimamisha ndoa nzima. Shahidi awe mtu mzima, awaone na kuwasikia mkitamka maneno, na aielewe lugha inayotumika. Kama mmoja wenu haielewi vizuri, leteni mkalimani, na asiwe mmoja wa maharusi. Asiyeelewa anachokubali hajakubali, na msajili makini atakataa kuendelea.

Kuna sentensi chache ambazo ni lazima zitamkwe: kwamba hujui kizuizi chochote, na kwamba unamkubali huyu awe mume au mke wako. Hizo hazibadilishwi. Ahadi zenu wenyewe huongezwa pembeni yake, na hapa ndipo sherehe ndogo inapopata joto. Sentensi 4 au 5 kwa kila mmoja zinatosha. Zikizidi dakika 2, sauti hukauka. Mpelekeeni msajili maandishi wiki moja kabla. England na Wales sherehe ya kiserikali hairuhusiwi kuwa na ibada, kwa hiyo wimbo wa dini au aya ya kitabu kitakatifu vitakataliwa. Viwekeni kwenye dua ya familia baadaye. Andikeni pia jinsi majina yenu yanavyotamkwa. Ni jambo dogo, ila kusikia jina la mama yako likitamkwa sawasawa saa hiyo ni heshima kubwa.

Siku yenyewe

Hesabu ya wageni hujumuisha mpiga picha, mashahidi na watoto wa mapajani. Chumba cha watu 20 kikiwa na 27, msajili ana haki ya kuwatoa 7, na hakuna njia nzuri ya kuwachagua. Fikeni dakika 20 kabla, kwa kuwa nyuma yenu kuna wanandoa wengine wenye miadi. Pete zikae kwa mtu mmoja tu, nje ya kisanduku, mfukoni mwa ndani. Mpiga picha aulize mapema anaposimama na kama taa ya kamera inaruhusiwa. Ofisi nyingine hazitaki kitabu cha usajili kipigwe picha kwa sababu kina taarifa za watu wengine. Basi piga picha ya sahihi kwenye karatasi tupu.

Kabla ya kushika kalamu, mtaonyeshwa yatakayoingia kwenye kumbukumbu. Hapa msikimbie, hata wageni wakianza kupiga vigelegele. Mmoja asome kwa kidole, neno kwa neno: majina, tarehe za kuzaliwa, kazi, majina ya wazazi, anwani. Mwingine asome tena kutoka chini kwenda juu, maana jicho linalofuata mpangilio uleule huruka kosa lilelile. Herufi ikirekebishwa kabla ya sahihi ni kazi ya dakika moja. Baada ya sahihi inakuwa maombi, viapo na wiki za kusubiri. Tumieni kalamu ya ofisi, si ya zawadi, kwa sababu wino wa kumbukumbu hizo ni wa kudumu, na tieni sahihi ileile iliyo kwenye kitambulisho.

Baada ya hapo

Ombeni nakala 2 au 3 zilizothibitishwa, si moja. Benki, bima na idara ya uhamiaji kila moja inaweza kushikilia yake kwa muda. Mkifunga ndoa nje ya nchi yenu, ulizeni ubalozi jinsi ya kuiandikisha nyumbani. Ikiwa ibada itafuata, angalieni mpangilio: Ufaransa ndoa ya serikali hutangulia, na kiongozi wa dini atataka kuona cheti.

Anayebadilisha jina aanze na kitambulisho, kisha pasipoti, kisha benki. Na kama kuna safari baada ya ndoa, tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti siku ya kusafiri, hata kama cheti kipya kiko mkononi.