Jinsi ya kumpima mtoto mkono nyumbani, kama wanavyofanya akina mama wa Niger

Kumpima mtoto mkono kujua kama ana utapiamlo ni rahisi mno na inaokoa watoto, ndo maana nataka kila mzazi aijue. Kule Niger kila mwaka kati ya Juni na Septemba uwele wa ghalani unakuwa umeisha na mpya bado uko shambani, wengine wanakula mara moja kwa siku, na watoto wadogo ndo wanaoanza kukonda. Mwaka 2005 hali ikawa mbaya sana, MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, peke yao walitibu watoto zaidi ya 60,000. Mwaka uliofuata serikali ikafuta malipo ya matibabu kwa watoto chini ya miaka 5, halafu 2011 ikaja na mpango wa 3N, yaani Waniger Wanawalisha Waniger, wa kilimo na chakula. Yote mazuri, lakini tatizo moja lilibaki, mtoto alikuwa anafikishwa kituoni kwa kuchelewa, kashaishiwa nguvu kabisa.

Sasa wilaya ya Mirriah, mkoa wa Zinder, shirika la matibabu la ALIMA na wenzao wa Niger wakasema basi tepu ya kupimia mkono tumpe mama mwenyewe. Wakafundisha akina mama zaidi ya 12,000, wengi hawajawahi kukaa darasani, na watoto wakaanza kuletwa mapema, waliohitaji kulazwa wakapungua. Mimi naona huo ndo uamuzi wa maana kuliko mikutano yote, kwa sababu anayemvua mtoto nguo kila siku ni mama, sio daktari.

Tepu yenyewe ni ile ya MUAC, yaani ya kupimia mzunguko wa mkono wa juu, hata kliniki za kwetu Tanzania na Kenya zinayo, ina kijani, njano na nyekundu. Inatumika kwa mtoto wa miezi 6 mpaka kabla hajafika miaka 5.

Mtoe mtoto shati, mpakate atulie, usimpime akiwa analia na kujikunja. Tafuta katikati ya mkono wa juu, kati ya ncha ya bega na kiwiko. Kliniki wanakunja kiwiko na kupima kwa makini, lakini akina mama wa Mirriah walifundishwa kukadiria kwa macho tu na majibu yao yalikaribiana sana na ya wahudumu. Acha mkono uning'inie umelegea, zungusha tepu, pitisha ncha kwenye kitundu chake, vuta taratibu mpaka iguse ngozi pande zote. Hapa ndo wengi wanakosea, ukikaza mpaka ngozi inajikunja utapata nyekundu ya uongo, ukiilegeza ukaona mwanga katikati ya tepu na ngozi utapata kijani ya uongo na hiyo ndo mbaya zaidi. Kisha soma rangi kwenye kidirisha.

Kijani, sentimita 12.5 kwenda juu, mkono uko sawa. Njano, 11.5 mpaka chini kidogo ya 12.5, utapiamlo wa kadiri, mpeleke kliniki ndani ya siku chache na uongeze chakula chenye nguvu. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali, nenda leo leo usisubiri siku ya kliniki.

Ila usiishie kwenye mkono jamani. Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu taratibu mpaka tatu, achia. Vikibaki vishimo miguu yote miwili huo ni uvimbe wa kwashakoo na ni wa kukimbiza hospitali hata kama tepu inasema kijani. Mtoto wa hivi mashavu yanajaa, majirani wanakwambia kanenepa, kumbe ni maji.

Kule Niger mwenye nyekundu ambaye anakula vizuri na hana homa wala kutapika anatibiwa akiwa nyumbani, anakwenda kituoni kila wiki, na anapewa pakiti za chakula dawa cha karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500, na kuna kiwanda kinachozitengeneza hapo hapo Niamey. Anayekataa kula, anayetapika kila kitu au amelegea analazwa. Ukipewa pakiti hizo ifinyange kwanza kabla ya kufungua, mnyonyeshe mtoto kwanza kama bado ananyonya, mpe maji safi ya kunywa, na usiwagawie kaka zake, najua inauma kumnyima mwingine anayekuangalia lakini hiyo ni dawa ya huyo mmoja.

Kwa chakula cha kawaida Waniger wanapenda kopto, majani ya mlonge yaliyochemshwa na kuchanganywa na mashudu ya karanga na vitunguu, tena mlonge na karanga kwetu vipo tele, mtoto mkubwa kidogo anakula vizuri tu, mdogo mpondee laini kwenye uji.

Pima angalau mara moja kwa mwezi, kipindi cha njaa au mtoto akitoka kuharisha pima kila wiki, na kama huna tepu muombe mhudumu wa afya wa mtaani kwenu.